Fomu Inayofunguka Bila Kusomwa Upya

Tuseme karani anakusanya takwimu za samaki mwaloni Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, Burundi. Mitumbwi hurudi alfajiri na ndagala wanauzwa papo hapo. Simu ya bei nafuu ikichelewa kufungua fomu, mvuvi ameshaondoka.

ODK Collect, programu ya kukusanyia takwimu kwa simu kutoka mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 2008, hutumia fomu zilizoandikwa kwa XML. Kuzichambua ni kazi ya maktaba ya Java iitwayo JavaRosa. Inasoma maandishi tagi kwa tagi, inajenga mti wa maswali, kisha inafunga masharti ya swali lipi lionekane lini. Kinacholemea zaidi ni orodha ndefu za mikoa, tarafa na vijiji, maana kila jina lina tagi zake na zote lazima zipitiwe.

Dawa yake ni akiba. Fomu ikishachambuliwa mara ya kwanza, Collect huuhifadhi mti ule kama baiti katika faili la .formdef, na safari ijayo uchambuzi wa XML unarukwa. Hilo wengi wangelibuni. Ufundi hasa uko kwenye jina la faili, linalotokana na MD5, yaani alama inayokokotolewa kutokana na maandishi ya fomu yenyewe. Ibadilike herufi moja tu, alama nayo inabadilika, akiba ya zamani haipatikani tena na uchambuzi unaanza upya. Hakuna anayelazimika kukumbuka kufuta chochote.

Burundi inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2025 mikoa 18 ilipunguzwa ikawa 5, tarafa 119 zikawa 42, na Rumonge ikaingia mkoa wa Burunga. Akiba ya kuisha muda wake, tuseme baada ya saa 24, ingeendelea kumwonyesha karani mkoa wa Rumonge siku nzima hata kama fomu mpya imeshashushwa. Akiba ya alama haina nafasi ya kosa hilo.

Hata hivyo, mwanya upo. Alama ni ya fomu peke yake. Orodha iliyowekwa pembeni katika faili la CSV inaweza kubadilika bila XML kuguswa, kwa hiyo nayo lazima isomwe upya au ipewe alama yake.

Tena programu ikipata toleo jipya, baiti za toleo la jana huenda zisisomeke. Collect ikishindwa kuzisoma hufuta faili hilo na kurudi kwenye XML, na karani anasubiri kidogo zaidi mara hiyo moja.