Kabla ya Kubonyeza Thibitisha

Mhasibu wa kampuni halipi kwa fedha yake. Ukimtumia shangazi elfu ishirini zikaangukia kwa mtu mwingine, hasara ni yako na aibu ni yako. Utampigia huyo mtu simu, utambembeleza, na akiwa muungwana atazirudisha. Mhasibu akikosea tarakimu moja kwenye malipo ya shehena ya saruji, hasara ni ya tajiri, lakini maelezo atayatoa yeye. Atayaandika kwa barua, atayarudia mbele ya mkaguzi, na pengine atayalipia kwa mshahara. Ndiyo maana huikodolea macho skrini ya malipo kwa namna ambayo sisi tunaonunua vocha na umeme hatuijui.

Nataka kuwasifu watu wanaomfikiria mhasibu huyo. Wenyewe hujiita wabunifu wa UX, na kazi yao ni kuamua kitu gani kionekane kwenye skrini, kionekane lini, kwa maneno gani, na kitufe kikae wapi. Hotuba za teknolojia ya fedha hazina muda nao; husifu kasi. Kasi ni kazi ya wahandisi, na ni kazi njema, ila ikimkuta mtu ameshaandika akaunti ya kosa, humfikisha kwenye matatizo mapema zaidi.

Tarehe 11 Agosti 2020, Citibank ya Marekani ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa Revlon, kampuni ya vipodozi, riba ya dola milioni 7.8 hivi. Zikatoka karibu dola milioni 900, na sehemu kubwa ilikuwa fedha ya benki yenyewe. Hakuna mwizi aliyeingia wala mtambo ulioharibika. Kilichokuwapo ni skrini ya programu iitwayo Flexcube. Ili kufanya walichotaka, watumishi walilazimika kuiambia programu kwamba mkopo wote unalipwa, kisha kuugeuza mtaji uingie kwenye akaunti ya ndani ya benki usitoke nje. Kuugeuza kulihitaji alama kwenye visanduku vitatu: PRINCIPAL, FRONT na FUND. Mtumishi aliweka alama kwenye kimoja, kile cha PRINCIPAL, kwa kuwa mtaji ndio aliotaka kuuzuia. Nani angemlaumu? Neno lilikuwa pale pale, limeandikwa kwa herufi kubwa.

Malipo yale yalipita mikononi mwa watu watatu, wawili wakiwa India na mmoja Delaware, na wote waliamini mtaji unabaki ndani. Programu nayo ilitoa onyo. Ilisema fedha zitatoka nje ya benki, ikauliza kama waendelee. Riba kweli ilikuwa inatoka nje, kwa hiyo jibu la haki lilikuwa ndiyo. Onyo halikutaja kiasi. Lingesema tu kwamba zinazotoka ni dola milioni mia nane na tisini na kitu, hata aliyekesha usiku kucha angeondoa kidole.

Jaji Jesse Furman wa New York aliiweka picha ya skrini hiyo ndani ya hukumu yake ya Februari 2021: safu ya vifupisho, na pembeni yake visanduku vidogo visivyoeleza chochote. Aliwapa ushindi wakopeshaji waliogoma kurudisha dola kama milioni 500, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba fedha zilizowafikia zililingana na deni lao hadi senti ya mwisho. Mtu angewezaje kudhani benki kubwa namna ile imekosea? Rufani iliitengua hukumu hiyo Septemba 2022. Dunia ya fedha ilicheka sana, na vichekesho vingi vilimwangukia mtumishi aliyeweka alama moja. Mimi naona kosa lilifanyika zamani, siku mtu alipoliandika lile onyo akaliacha bila tarakimu.

Somo halikuingia vizuri. Mwaka 2024 benki hiyo hiyo iliweka kwa muda dola trilioni 81 kwenye akaunti ya mteja aliyestahili dola 280. Watumishi walikuwa wanatumia skrini ya akiba ambayo sehemu ya kiasi ilikuja na sifuri 15 zimeshajazwa, na mwandikaji alitakiwa azifute kwanza. Wawili hawakuona, wa tatu akaona, baada ya saa moja na nusu. Sifuri zile ziliwekwa na mtu, akiwa na akili timamu, katika mchana wa kawaida wa kazi.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi huu ulikua kwa sababu ya ufinyu. Simu za mwanzo zilikuwa na kioo cha mistari michache, kwa hiyo menyu ya laini ililazimika kuuliza swali moja, isubiri jibu, kisha iulize lingine. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Thika na sehemu za Nairobi, kwa wateja wasiofika 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya. Lengo lilikuwa marejesho ya mikopo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliousimamia mradi, waliandika baadaye yale ambayo watu waliyafanya bila kuambiwa: wafanyabiashara walilipana wao kwa wao, na baadhi ya wenye biashara kubwa waligeuza simu kuwa sefu ya usiku, maana benki zilifungwa kabla ya maduka ya mawakala. Malipo kati ya biashara na biashara, basi, yalikuwapo kabla huduma haijazinduliwa Machi 2007. Kilichokosekana ni skrini ya kuyapokea.

Ilipokuja, ilikuja na swali ambalo nalihesabu kuwa kazi bora ya ubunifu katika ukanda huu. Weka namba ya kampuni. Weka namba ya kumbukumbu. Weka kiasi. Weka namba ya siri. Hilo la pili, watu hulipita kama tuta dogo barabarani. Lakini tazama lori la soda limeegeshwa mbele ya duka, makreti yanashuka, mwenye duka analipa kwa simu. Muuza soda hataki kuonyeshwa meseji, meseji hughushiwa. Anasubiri yake, na ikiingia, ananakili ule msimbo wa herufi na tarakimu kwenye karatasi ya mzigo, kwa kalamu, juu ya bodi ya lori. Jioni, kwenye bohari, mhasibu ana maduka kumi yaliyonunua makreti yaleyale kwa bei ileile. Kama yote yamelipa kwenye namba ya till, ile isiyouliza kumbukumbu, mbele yake ana malipo kumi yanayofanana, yenye majina ya wake, wadogo na vijana wa dukani, na safari ya kupekua karatasi kumtafuta aliyelipa. Kama kila duka lilipewa namba yake ya kumbukumbu, kila fedha imefika na sababu yake, na mhasibu anawahi daladala.

Serikali ya Tanzania ililipeleka jambo hili mbele zaidi mwaka 2017 ilipoanzisha mfumo wa malipo ya serikali uitwao GePG na namba yake ya kumbukumbu ambayo kila mtu huiita kontro namba. Mlipaji haandiki sababu kabisa. Sababu imo ndani ya namba. Watu huilalamikia mtandao ukiwa chini, na wana haki, ila wakala wa forodha aliyewahi kulipia makontena kwa hati za benki zilizojazwa kwa mkono hatamani kurudi huko.

Halafu kuna jina. Katikati ya muongo uliopita Safaricom ilileta Hakikisha, mlipaji akaonyeshwa jina la mpokeaji akiwa bado ana nafasi ya kusitisha. Benki kubwa za Uingereza zilianza kulinganisha jina na akaunti mwaka 2020, na benki za nchi zinazotumia yuro zikalazimishwa na sheria Oktoba 2025. Kwa mtu binafsi jambo hili ni rahisi: natuma kwa dada yangu, natarajia jina la dada yangu. Kwa biashara ni gumu kuliko linavyoonekana. Bango la duka lina jina la mtoto wa kwanza, ankara ina jina la kampuni, na akaunti ilisajiliwa kwa jina la ushirika wa ndugu ambao mmoja wao ameshafariki. Skrini ikipiga kelele kila majina yanapotofautiana, ndani ya wiki mhasibu atakuwa anabonyeza endelea bila kusoma. Ikinyamaza, tapeli amepata mlango. Mbunifu mzuri huiacha skrini ikumbuke: malipo ya kwanza kwa jina geni, simama uulizwe, jina hilohilo mwezi ujao, pita.

Mwagizaji wa Kariakoo anayelipa kiwanda cha Guangzhou anajua ufinyu wa aina nyingine. Kwa miaka mingi ujumbe wa TT, yaani wa kuhamisha fedha kutoka benki hadi benki ng'ambo, ule ambao kiwanda hudai nakala yake kwa jina la MT103, ulikuwa na mistari minne ya herufi 35 ya kueleza fedha ni ya nini. Ankara tatu, punguzo la mzigo ulioharibika, na malipo ya awali ya mzigo ujao, vyote katika herufi 140. Watu walibuni vifupisho ambavyo mwandishi mwenyewe alivisahau baada ya mwezi. Novemba 2025 mfumo wa ISO 20022 ulichukua nafasi hiyo katika malipo ya kimataifa kati ya benki, nao unabeba maelezo marefu yaliyopangwa. Ila benki ikipanua njia huko ndani na kuiacha fomu ya mteja na kile kisanduku chembamba, mwagizaji hajaletewa kitu.

Fundi wa kweli wa kazi hii utamtambua kwa kukaa. Huvuta kiti karibu na mhasibu na kumtazama akifanya kazi, bila kumwelekeza. Huangalia vikaratasi vilivyobandikwa pembeni ya kompyuta, maana kila kikaratasi ni jambo ambalo skrini ilipaswa kulisema. Huona kwamba kibao cha tarakimu cha kompyuta kina 7 juu, na cha simu kina 1 juu. Mhasibu anayehama kutoka kimoja kwenda kingine mara mia kwa siku atachanganya. Mpangilio wa simu haukuja kwa bahati: maabara za Bell ziliwapima watu kwa mipangilio mbalimbali ya vitufe, zikachapisha matokeo mwaka 1960, na simu za kubonyeza zikauzwa kuanzia 1963. Uzuri wa rangi sijautaja kwa makusudi. Unasifiwa kupita kiasi, na skrini nyingi za kupendeza ninazozijua huficha salio chini ya picha ya mtu anayetabasamu.

Siku hizi majaribu makubwa yako kwa mwidhinishaji. Mwaka 2023 malalamiko yaliyoifikia FBI kuhusu utapeli wa barua pepe za biashara yalihesabu hasara ya dola bilioni 2.9, na mojawapo ya mbinu zake ni ya kizamani kabisa: barua inaonekana kutoka kwa msambazaji wako wa siku zote, inasema tumebadilisha akaunti, tafadhali lipa hapa. Bosi yuko harusini, simu mkononi, malipo arobaini yanamsubiri. Anachotaka, na atakuambia bila kuficha, ni kitufe cha kuidhinisha yote. Mbunifu mchanga hukitoa, kwa sababu mteja ameomba. Mbunifu mkaidi hukataa, na bosi humpa mhasibu namba yake ya siri. Aliyekomaa hukitoa kwa wale ambao akaunti yao ni ileile ya mwezi uliopita na kiasi kiko katika kawaida yake. Waliobaki, pengine wawili, watafunguliwa mmoja mmoja, akaunti ya zamani na mpya zikiwa zimeandikwa moja juu ya nyingine, pamoja na namba ya simu ya msambazaji kama ilivyokuwa kabla ya barua ile kufika.