Dhambi Bila Hukumu: Uhakiki wa Nadharia ya Uhalisia

Mwanafunzi anayeanza kujifunza nadharia za uhusiano wa kimataifa hukutana kwanza na uhalisia, kisha huonyeshwa nyingine kama majibu kwake. Uliberali hutumainia biashara, sheria na vyombo vya pamoja. Alexander Wendt, katika makala yake ya mwaka 1992, alidai kwamba uadui baina ya dola si maumbile, bali ni mazoea waliyoyajenga wenyewe. Hizo tunazipita. Inayotuhusu sisi ni uhalisia, kwa kuwa mmoja wa baba zake alikuwa mchungaji.

Reinhold Niebuhr alihudumu usharika mmoja mjini Detroit, mji wa viwanda vya magari, tangu 1915 hadi 1928, ndipo akaenda New York kufundisha theolojia. Hoja ya kitabu chake cha 1932, *Moral Man and Immoral Society*, ni nyepesi kuieleza na ngumu kuikwepa: mtu binafsi aweza kujinyima kwa ajili ya jirani yake, lakini taifa ni nadra mno kufanya hivyo. Tena uzalendo huuchukua moyo wa kujitoa walio nao raia na kuugeuza kuwa nguvu ya ubinafsi wa taifa. Kwa maoni yetu hapo ndipo kilele cha kitabu, na kila mhubiri aombwaye kubariki silaha angefaa kupasoma.

Hans Morgenthau, katika *Politics Among Nations* (1948), aliyapokea mafundisho hayo na kuifanya siasa kuwa jambo la maslahi yanayopimwa kwa nguvu. (Tumtendee haki: yeye mwenyewe aliipinga hadharani vita ya Marekani huko Vietnam.) Kenneth Waltz aliwakosoa wote wawili mwaka 1959, akisema kwamba kama maumbile ya mwanadamu ndiyo chanzo cha vita, basi ndiyo chanzo cha amani pia, na kwa hiyo hayaelezi kwa nini vita huwapo leo na kesho visiwepo. Katika kitabu chake cha 1979 akaweka chanzo kwenye muundo, yaani hali ya dola kuishi pasipo mamlaka iliyo juu yao. Kama hoja ya mantiki, ukosoaji huo ni wa haki. Lakini tazama kilichopotea njiani. Kwa Niebuhr dhambi ni mashtaka, na taifa lake mwenyewe limo kizimbani: katika kitabu hicho hicho aliwashtaki Wamarekani weupe, akaona ukombozi wa weusi katika upinzani usiomwaga damu, miaka mingi kabla ya Martin Luther King, ambaye alimsoma. Kwa Waltz pamebaki muundo, nao muundo hauwezi kuitwa kwenye toba.

Mlutheri asidhani kwamba yamhusu mwingine. Fundisho la tawala mbili, likifundishwa kwa uvivu, hufanana mno na uhalisia: kanisa lihubiri, serikali itawale, tusiulizane. Luther hakufundisha hivyo. Katika maandiko yake ya 1523 juu ya mamlaka ya kidunia alijiuliza kama raia wamfuate mtawala vitani hali wakijua kwamba hana haki, naye akajibu kuwa hapana.

Nadharia ipimwe kwa historia. Vita vya Kagera uhalisia huvieleza vizuri: majeshi ya Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, Tanzania ikajibu kwa nguvu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Biafra ni kesi nyingine. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, ikaiudhi Nigeria na kwenda kinyume cha wengi katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilhali miaka minne tu nyuma, huko Cairo, Tanzania hiyo hiyo ilikuwa mstari wa mbele kudai mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Sababu aliyoitoa Nyerere ilikuwa usalama wa watu ambao dola yao haikuwalinda tena. Waweza kusema alikosea, kwani Biafra ilianguka Januari 1970. Kusema alitafuta nguvu kwahitaji ushahidi ambao sisi hatujauona.

Wala uhalisia hauna pa kuliweka kanisa. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam, Walutheri walitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo linalogusa ukiri wa imani yenyewe, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya weupe ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Hapakuwa na jeshi wala vikwazo vya biashara. Mwalimu anayeandaa somo hili chuoni angefanya vema kuwapa wanafunzi azimio lile la Dar es Salaam pamoja na sura za Waltz, na kumsoma Niebuhr mzima, hasa zile sura za mwisho ambazo wanauhalisia hawazitaji.