Ustadi wa Yaya wa Chicago

Habari za Vivian Maier zikitajwa, mara nyingi mkasa hutangulia na picha hufuata. Mkasa wenyewe unavutia, sikatai. Mwanamke aliyezaliwa New York mwaka 1926 aliishi kwa kazi ya uyaya, kuanzia 1956 akiwa Chicago na vitongoji vyake, akafariki mwaka 2009 bila kufanya onyesho hata moja. Miaka miwili kabla ya hapo, maboksi ya negativu zake yalikuwa yamepigwa mnada kwa sababu kodi ya stoo alimoyaweka haikulipwa. Tangu hapo watu humzungumzia kama hazina iliyofukuliwa. Mimi naona neno hilo linampunja, kwa sababu hazina huokotwa tu, na vilivyokuwamo ndani ya maboksi yale ni vitu vilivyotengenezwa. Picha ya mtoto anayelia kando ya barabara, au ya abiria aliyesinzia, inahitaji ufundi kamili, hata kama aliyeipiga ni mtu wa ridhaa asiyelipwa senti.

Ufundi huo unaanzia kwenye kamera. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 Maier alitumia Rolleiflex, yenye lenzi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine: ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga. Kamera hii hushikwa usawa wa kifua au tumbo, na mpigaji huinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Katika kioo hicho kulia huwa kushoto. Mpita njia akielekea upande mmoja, sura yake kiooni huelekea upande wa pili, na asiyezoea humfuata akampoteza. Mkanda mmoja hutoa picha 12 za mraba, kisha ni lazima uubadilishe hapohapo ulipo. Lakini ugumu huo una faida yake. Lenzi ikiwa chini, mtoto hupigwa usawa wa uso wake, na mtu mzima huonekana mrefu, mwenye heshima zake, hata akiwa amevaa matambara. Kifyatuo nacho hakina kelele, na aliyeinamisha kichwa hamtishi mtu. Ndiyo maana nyuso nyingi katika picha zake zimetulia kama nyuso za watu walio peke yao.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Katika picha ya mwaka 1955, mfanyakazi anashusha kioo kikubwa kutoka garini, na ndani ya kioo hicho amesimama Maier mwenyewe, kamera kifuani. Anayeitazama haraka atasema ni bahati. Lakini kioo kinachobebwa hakingoji, na sura iliyo ndani yake ina hesabu yake: ukisimama mita 2 kutoka kwenye kioo, lenzi huelekezwa umbali wa mita 4, kwa sababu mwanga huenda na kurudi. Aliyelenga fremu ya kioo atapata mbao kali na uso uliofifia. Tena alipaswa kusimama pale ambapo pembe ya kioo inamrudisha yeye, si ukuta wa jirani. Hakuna anayeyapanga hayo yote kwa sekunde chache isipokuwa yule ambaye mikono yake imeshayajua.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu akipiga picha zaidi ya laki moja, nzuri hazitakosekana. Hebu tuipige hesabu laki hiyo. Ukiigawa kwa miaka 40, unapata picha 7 hivi kwa siku, idadi ambayo leo mtu anaimaliza kwa simu kabla chai haijapoa. Zaidi ya hayo, waliozichunguza negativu zake wanaeleza kuwa mara nyingi alipiga tukio mara moja tu, akaendelea na safari. Anayetegemea bahati hurudia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watu aliowapiga picha hawakuombwa ruhusa. Hapa siwezi kumtetea kwa kila fremu, na baadhi ya picha za walevi na waliolala barabarani zinanipa shida. Lakini ustadi ndio unaotusaidia kuhukumu. Alikosogea karibu na kumtazama mtu usawa wake, heshima inaonekana kwenye picha yenyewe. Alikopiga kwa mbali na kwa nyuma, inapungua, na picha huwa dhaifu pia.

Linabaki swali la uchaguzi. Mikanda mingi aliiacha bila kusafishwa, na picha kubwa zinazoning'inia kwenye kumbi zilichaguliwa na wengine baada ya kifo chake. Wengine huchukua hilo kama ushahidi kwamba hakujua thamani ya alichonacho. Hata hivyo, katika nyumba moja alikofanya kazi aligeuza bafu kuwa chumba cha giza, akachapisha baadhi mwenyewe, na nyingine akazikata kingo ili mtu mmoja tu abaki, mraba ukawa mstatili. Anayekata amekwisha kuamua. Kwa hiyo anayetaka kumjua kama fundi na aanze na chapa hizo ndogo alizozitoa kwa mikono yake, ndipo aziendee zile kubwa za kumbini.