Punguzo Kabla ya Tendo

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta fani kwenye utenzi, riwaya na tamthilia. Karatasi za ofisini tumewaachia wahasibu. Lakini ankara ya wakili ni utungo wenye masharti makali kuliko shairi lolote la arudhi: ina kipimo chake, mpangilio wake hauvunjwi, na yapo mambo isiyoruhusiwa kuyasema. Siku hizi ndiyo inayoendesha ofisi. Grafu zote anazofunguliwa mbia mkuu mwisho wa mwezi, za nani kaingiza kiasi gani na mteja yupi ana faida, zimechotwa humo. Asiyeisoma ankara kwa makini hawezi kuisoma ripoti.

Tuanze na kipimo. Huko Marekani, ambako umbo hili lilikulia, saa ya wakili hukatwa mafungu 10, kila fungu dakika 6. Anayetajwa sana kuwa mwasisi wa kuandika muda kwa utaratibu ni Reginald Heber Smith, aliyeongoza shirika la msaada wa kisheria la Boston tangu 1914, kabla ya kwenda kuisimamia kampuni ya Hale and Dorr mwaka 1919. Kumbe desturi hii ina mizizi katika ofisi iliyohudumia watu wasio na cha kulipa; hoja ilikuwa kujua huduma inagharimu nini. Mwaka 1958 Chama cha Wanasheria cha Marekani kikatoa kijitabu kilicholalamika kwamba kipato cha mawakili kimeachwa nyuma na cha madaktari, kikawahimiza waandike muda wao, na kikataja saa 1,300 za kutoza kwa mwaka. Mwaka 1975, katika kesi ya Goldfarb, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaharamisha viwango vya chini vya ada ambavyo vyama vya mawakili vilikuwa vikijipangia. Saa ikabaki uwanjani karibu peke yake. Kilichobuniwa ili kujua gharama kikawa cha kupanga bei, na umbo halikubadilika hata chembe.

Sasa tutazame mstari mmoja wa karatasi ya muda. Nimeubuni, ila wakili yeyote ataukubali: “Kupitia barua ya upande wa pili, kumpigia simu mteja, kuandaa rasimu ya majibu. 1.4.”

Vitenzi ni vitatu na mtendaji hayupo. Hakuna aliyepitia, hakuna aliyepiga simu; matendo yanaelea tu bila nafsi. Barua ilisema nini? Mteja alipoisikia alitulia au alipandwa na hasira? Mstari haujibu, na una sababu nzuri ya kunyamaza, kwa kuwa siri ya mteja ni wajibu wa wakili na ankara hupita mikononi mwa watu wengi. Ukimya huo siulaumu. Ninachokilaumu ni koma. Alama hiyo ndogo inayafunga matendo matatu katika furushi moja na kulipachika namba moja, 1.4, yaani saa moja na dakika 24, bila kusema simu ilikula dakika ngapi na rasimu ngapi. Hapo mwandishi amejificha kwa ustadi. Kama rasimu ilimchukua muda mfupi na simu ikageuka gumzo, msomaji hatajua kamwe.

Wateja wakubwa wa Marekani walichoka na furushi hilo. Katikati ya miaka ya 1990 pakatungwa orodha ya misimbo iitwayo UTBMS, ambayo inalipa kila tendo namba yake. A103 ni kuandika au kurekebisha rasimu. A105 ni kuwasiliana ndani ya ofisi, A106 ni kuwasiliana na mteja. Programu inaweza sasa kuzikusanya A105 zote za mwaka mzima kwa sekunde chache, na mteja anayekataa kulipia mawakili wanaoshauriana wenyewe kwa wenyewe anazifuta bila kusoma neno. Ni hatua mbele kwa upande wa hesabu. Kwa upande wa utungo, maelezo yamepoteza kazi: wakili anajua kuwa mashine itasoma msimbo tu, basi naye anaandika sentensi ya kujaza nafasi.

Umbo lilifikia ukomavu wake katika muundo wa ankara za kielektroniki unaoitwa LEDES 1998B. Ukiufungua ni maandishi matupu. Sehemu za kila mstari hutenganishwa kwa vijiti vya wima na mstari hufungwa kwa mabano ya mraba. Sehemu ni 24, kwa mpangilio uleule kila mara. Nimeukalia mpangilio huo kama mtu anavyokalia beti za shairi gumu, na mambo matatu yananishangaza.

La kwanza, jumla ya ankara nzima ni sehemu ya 5, nayo hurudiwa katika kila mstari. Hata mstari wa simu ya dakika 6 unaitaja jumla yote, kama kibwagizo. La pili, mteja ni namba, jalada ni namba (tena mara mbili, moja ya ofisi na moja ya mteja), ofisi yenyewe ni namba. Jina la mtu lenye sehemu yake maalumu ni la wakili, nalo linakuja sehemu ya 22, baada ya bei ya saa yake. La tatu ndilo zito. Marekebisho ya kiasi, ambayo mara nyingi ni punguzo, yamewekwa sehemu ya 12. Maelezo ya kazi iliyofanyika yako sehemu ya 19. Punguzo limetangulia tendo.

Mtaalamu wa kompyuta atanicheka: mashine haijali kipi kimetangulia. Kweli, lakini muundo ulipangwa na watu, na watu huanza na wanachokijali.

Linganisha na hati ya gharama inayopelekwa mbele ya afisa wa kukadiria gharama chini ya kanuni za malipo ya mawakili nchini Kenya. Hiyo ina safu tano: tarehe, namba ya kipengele, maelezo ya huduma, ada inayodaiwa, na mwisho kabisa safu iliyoachwa wazi ili afisa aandike alichokata. Ni umbo la zamani na lina uzito wake, lakini kwa mhakiki ni bora zaidi. Tendo linasimuliwa, bei inatajwa, kisha anaingia msomaji wa pili na kalamu yake, na mkato wake unakaa pembeni mwa tendo husika. Hati imekubali tangu mwanzo kwamba itabishiwa.

Ripoti ya mwezi haina safu ya tano ya namna hiyo. Imeyeyushwa ndani ya asilimia. Tuseme wakili alikaa kazini saa 8, akaandika 5 za kutoza, mbia akapunguza zikaingia 4 kwenye ankara, mteja akalipia 3. Ripoti itatoa asilimia 62.5, 80 na 75. Namba hizo ni sahihi. Ila hiyo 80 imezaliwa na nini? Huenda wakili kijana alikuwa mzito. Huenda alifanya kazi nzuri akaieleza vibaya, mbia akaona aibu kuituma. Huenda mbia humpunguzia rafiki yake kila mwezi. Sababu tatu, dawa tatu tofauti, na grafu moja. Nimeona ripoti za namna hii zikisomwa kikaoni kana kwamba asilimia ni tabia ya mtu, na kijana aliyeandika muda wake kwa uaminifu akaonekana mvivu mbele ya mwenzake aliyejaza dakika sita sita kwa kila simu ya dakika moja.

Sisemi takwimu zitupwe. Ofisi isiyojua muda wake unakwenda wapi hufa ikiwa na wateja wengi. Ninachodai ni umbo bora. Ofisi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zinazonunua programu za kuendesha uwakili bado zina nafasi ya kuchagua fomu zao kabla fomu hazijazichagulia. Muuzaji atakuonyesha rangi za grafu. Mwombe akufungulie fomu ya kuingiza muda, kisha mtake aongeze sehemu mbili: moja ya sababu ya kila punguzo, iandikwe na aliyepunguza, na nyingine ya matokeo ya shauri. Katika zile sehemu 24 za LEDES 1998B hakuna hata moja inayosema kama mteja alishinda.