Kivuli Kwanza: Namna ya Kupima Picha ya Mtu

Ukiletewa picha ya mtu uitolee hukumu, usianze kwa kuuliza kama amependeza. Mara nyingi kilichopendeza ni nguo. Anza na kivuli. Tazama kimeangukia upande gani wa uso, kingo zake ni kali au zinafifia taratibu, na ndani yake mna kitu au ni giza tupu. Mpigapicha anayeijua kazi yake huamua kwanza pa kuacha giza, maana giza ndilo linaloupa uso umbo: pua ikasimama, shavu likajaa, taya likaonekana lina mfupa. Uso uliomwagiwa mwanga sawasawa kutoka pande zote hutoka bapa, na ndivyo zinavyotakiwa picha za paspoti, kwa sababu kazi ya Uhamiaji ni kumtambua mtu. Picha ya kutundika sebuleni ina kazi nyingine. Inatakiwa ituonyeshe mtu huyo alikuwa na nini moyoni alipoketi pale.

Hapo ndipo penye mtihani wenyewe: mwanga na hisia lazima viseme jambo moja. Bwana harusi anayecheka kwa furaha huku nusu ya uso wake imemezwa na giza anatuchanganya. Mjane aliyewekewa mwanga wa tangazo la sabuni amekosewa heshima. Kila kifaa kinaweza kuwa cha bei mbaya, picha ikawa kali na safi, na bado kazi ikawa mbovu kwa sababu taa inasema hivi na macho yanasema vile.

Ukishapima kivuli, sogea kwenye macho yenyewe. Ndani ya kila jicho, karibu na mboni, tafuta nukta nyeupe ya mwanga. Nukta hiyo ni shahidi asiyehongeka. Dirisha huacha pembenne, mwavuli wa studio huacha duara, na taa ya mduara wanayoitumia watengeneza video za simu huacha pete. Mahali pake pazuri ni juu kidogo ya mboni, pale mshale mfupi wa saa unapoelekea saa nne asubuhi au saa nane mchana. Macho yetu yamezoea jua, nalo hutoka juu. Ukiiona nukta chini ya mboni, ujue taa iliwekwa chini, na uso umegeuka wa kutisha hata kama mwenyewe anatabasamu. Macho yasiyo na nukta kabisa huonekana yamezimika. Kuna picha za msiba au za uzee ambazo kuzimika huko kunazifaa, lakini kwa picha ya bibi harusi ni kosa lisilo na utetezi.

Wanafunzi wa upigaji picha hupenda kukariri majina ya mipangilio ya taa. Mwanga wa Rembrandt, ulioitwa kwa jina la mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, hutoka pembeni na juu, ukaacha pembetatu ndogo ya nuru kwenye shavu la upande wa giza. Pembetatu hiyo isizidi upana wa jicho wala urefu wa pua. Mwanga wa mbele na juu, uliotamba Hollywood miaka ya 1930 kwenye nyuso za waigizaji akina Marlene Dietrich, huacha kivuli kifupi chini ya pua na kuichonga mifupa ya mashavu. Mwanga wa ubavuni huugawa uso nusu kwa nusu. Kuyajua majina ni vizuri. Kinachompambanua fundi ni kujua lini aache kuyatumia.

Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa jambo hili ni picha ya Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, aliyoipiga Yousuf Karsh jijini Ottawa tarehe 30 Desemba 1941. Karsh, Mwarmenia aliyeingia Kanada akiwa kijana, alikuwa na umri wa miaka 33. Churchill alikuwa ametoka kulihutubia Bunge la Kanada, na hakuwa ameambiwa kwamba kuna mpigapicha anamngoja katika chumba cha Spika. Akaruhusu kwa shingo upande. Mdomoni alikuwa na sigara yake nene. Karsh alimsogezea kijisahani cha majivu, mzee akakataa. Ndipo Karsh akamwendea, akaomba radhi, akaichomoa sigara mdomoni. Aliporudi kwenye kamera, Churchill alikuwa amekunja uso kama anayetaka kupigana. Karsh akafyatua.

Itazame sasa picha yenyewe. Mwanga umeushika uso na mikono, basi. Suti nyeusi inakaribia kuyeyuka katika giza la chumba. Mkono mmoja umeshika kiti, mwingine uko kiunoni, na yote miwili imepewa nuru ya kutosha, maana Karsh aliamini mikono husema sawa na uso. Ndita za paji la uso zina kina kwa sababu mwanga unatoka pembeni na kuzikwaruza. Ungetoka mbele zingefutika. Dakika chache baadaye Karsh alipiga picha ya pili, Churchill akiwa ameshalainika na kutabasamu. Ni mtu yuleyule, chumba kilekile. Hiyo ya pili wachache wanaijua, ila ile ya kwanza ilikuja kuwekwa hata kwenye noti ya pauni 5 ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2016. Ninaona sababu iko wazi. Giza lile lilikuwa linangoja hasira. Karsh alikuwa ameshapanga taa zake kabla ya Churchill kuingia, na hisia ilipokuja, hata kwa sekunde mbili tu, ilikuta nyumba imeandaliwa.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hata hivyo, kupima kivuli peke yake hakutoshi, na vitabu vingi vya kigeni vinanyamaza hapo. Ngozi nyeupe husomeka zaidi kwa kivuli. Ngozi nyeusi husomeka pia, na pengine zaidi, kwa mng'aro: ule unaokaa kwenye paji la uso, juu ya mfupa wa shavu, kwenye mgongo wa pua na kwenye mdomo wa chini. Mng'aro huo ndio unaochora umbo la uso mweusi. Kwa hiyo uukague kwa karibu. Dirisha kubwa lililo jirani na uso huacha mng'aro mpana wenye kingo laini, na rangi ya ngozi huendelea kuonekana ndani yake. Flashi ndogo iliyoelekezwa moja kwa moja usoni huacha madoa meupe makali, na mtu akaonekana amelowa jasho hata kama alikuwa chumba chenye kiyoyozi. Wengine hukimbilia poda ili kuua mng'aro wote; uso hubaki wa kijivujivu, umechujuka, hauna uhai. Fundi hauui mng'aro. Hukuza chanzo cha mwanga, akakisogeza karibu, akageuza uso wa mtu kidogo kidogo mpaka mng'aro ukae mahali pake.

Kamera nayo ina upofu wake. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake huchukulia kwamba kilicho mbele kina wastani wa kijivu. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, uiachie kamera iamue yenyewe. Weupe wa ukuta utaitisha, itapunguza mwanga, na uso utazama ukabaki meno na macho. Hiyo si sura ya mtu, ni uvivu wa mpigapicha, na mwenye picha asikubali kuambiwa kwamba tatizo ni rangi yake.

Maneno hayo ya kulaumu rangi yana historia. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth ameeleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kuboresha namna filamu zinavyoshika rangi za kahawia ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Watu weusi walikuwa wamepigwa picha mbaya muda wote huo.

Dawa ya kulisafisha jicho ni kuzitazama kazi za waliokataa udhuru huo. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948 na kufanya kazi hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18, mara nyingi kwa nuru ya mchana uani, na kwa kawaida mteja mmoja alipigwa mara moja tu. Ipo picha yake mashuhuri ya kijana mwenye miwani, koti jeupe na tai, ameshika ua moja mbele ya kifua. Koti jeupe na uso mweusi katika fremu moja ndio mtego uleule wa ukuta wa chokaa. Keïta ameuruka. Koti lina mikunjo, uso una kila daraja ya weusi wake, na vidole virefu vilivyolishika ua vinatuambia kuhusu haya na fahari ya kijana huyo kuliko ambavyo tabasamu lingeweza kusema. Karibu na kwetu, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa ilikuwa na studio ya N.V. Parekh, ambako vijana na wanandoa walikwenda kupigwa wakiwa katika mapozi waliyoyachagua wenyewe. Atakayekaa na picha za studio hizo akizilinganisha moja na nyingine atajifunza mengi.

Picha ya nje ihukumiwe kwa jua lake. Kwenye nchi zetu zilizo karibu na mstari wa ikweta, jua la adhuhuri husimama utosini, likachimba mashimo meusi machoni na kuning'iniza kivuli chini ya pua. Picha ya saa saba mchana isiyo na macho usiihurumie. Barazani, au hatua moja ndani ya mlango, mwanga hutoka ubavuni, na mchanga mweupe au ukuta wa jirani hurudisha nuru chini ya kidevu bila gharama yoyote. Mwembe ni kimbilio la wengi, lakini majani yake huurangia uso kijani na kupenyeza vidoa vya jua kwenye paji. Chunguza vidoa hivyo kabla ya kuisifu picha.

Kuhusu hisia, jihadhari na meno. Daktari Mfaransa Duchenne, katika kitabu chake cha mwaka 1862, alionyesha kwa picha kwamba kicheko cha kweli huhitaji msuli unaolizunguka jicho, na msuli huo haupokei amri kirahisi. Ziba mdomo wa mtu pichani kwa kidole chako. Macho yakibaki yanacheka, kope ya chini imeinuka na pembeni pamekunjamana, furaha ilikuwapo. Yakibaki baridi, mpigapicha alisema "cheka" na mtu akatii. Kisha shuka mabegani na mikononi. Mabega yaliyopandishwa hadi masikioni na ngumi zilizofumbwa hutoboa siri ya uso uliotulia.

Lakini usimpunguzie alama mtu kwa kutotabasamu. Vijana huzitazama picha za mababu wakasema wazee walikuwa wakali. Kufikia miaka ya 1930 kamera za studio hazikuhitaji tena mtu akae bila kutikisika muda mrefu. Waliotulia walitulia kwa hiari yao. Kupigwa picha lilikuwa jambo la heshima, na heshima ni hisia kamili, sawa na furaha na huzuni. Mzee aliyekaa wima na kanzu yake, mkono juu ya bakora, akiitazama lenzi bila kupepesa, ametupa moyo wake wote. Kama mwanga umemjia kutoka pembeni, na nusu moja ya uso ina giza lenye maelezo ndani yake, picha hiyo naipa alama za juu kabla ya yoyote ya vicheko.

La mwisho ni marekebisho. Kulainisha uso hakukuanza na kompyuta. Mafundi wa zamani walichonga penseli na kuzigusagusa negativu. Tofauti ni kipimo. Penseli iliondoa kipele, siku hizi programu inaondoa ngozi. Njia ya kumkamata mkosaji ni kulinganisha uso na shingo, kisha na mikono. Uso ukiwa mweupe kuliko mikono, au shavu halina kinyweleo hata kimoja ilhali vidole vina mistari, umeletewa watu wawili katika picha moja. Kazi ya namna hiyo, hata iwe imechapishwa kwenye karatasi ya thamani gani, naikataa.

Nawe ukimpeleka mama yako kupigwa picha, omba kiti chake kiwekwe karibu na dirisha, taa ya mbele izimwe, na makunyanzi yake yaachwe yalivyo. Ukimpiga kwa simu, zima kwanza ile sehemu inayolainisha ngozi. Mzungumzishe habari za watu anaowapenda, usimwambie acheke. Ukishaipata, ichapishe kwenye karatasi, na nyuma yake andika jina lake, mahali na mwaka.