Uzito wa Bunda la Karatasi na Ukokotoaji wa Ada ya Posta

Ada ya kutuma nyaraka kwa posta hutegemea hasa mahali zinakopelekwa na uzito wake, na kwa kuwa la kwanza husomwa tu kwenye jedwali la ada, kazi ya ukokotoaji hubaki katika uzito. Wengi hudhani kwamba uzito huo haujulikani mpaka karani aweke bahasha kwenye mizani, ilhali mtumaji anaweza kuukadiria akiwa mezani pake, mradi ajue karatasi zake ni za aina gani.

Karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, hutokana na karatasi ya A0, ambayo eneo lake ni mita moja ya mraba na ambayo, ikikatwa katikati mara nne mfululizo, hutoa vipande 16 vya A4. Mpango huu, uliobuniwa na Mjerumani Walter Porstmann na kuwa kiwango rasmi nchini mwake mwaka 1922, una faida isiyosifiwa inavyostahili. Namba 80 iliyoandikwa kwenye rimu ni gramu za mita moja ya mraba, wala si za karatasi moja; hivyo 80 ikigawanywa kwa 16, kila karatasi huwa na gramu 5, na rimu nzima ya karatasi 500 huwa na kilo 2 na nusu.

Bahasha nayo hukokotolewa vivyo hivyo. Ile ya C4, ambayo hupokea A4 bila kukunjwa, ina milimita 229 kwa 324, na pande zake mbili pamoja na mikunjo yake, ikiwa imetengenezwa kwa karatasi ya gramu 90, hufikia takriban gramu 16. Pini za stepla hazina uzito wa kuhesabiwa.

Ugumu huanzia kwenye ngazi za uzito, yaani mipaka ambayo ada hupanda mara tu inapovukwa, hata kwa gramu moja. Tuseme mswada una karatasi 48 na mpaka ni gramu 250: karatasi zina gramu 240, na pamoja na bahasha jumla ni 256, kwa hiyo mtumaji hulipia ngazi ya juu kwa sababu ya gramu 6. Mswada huohuo ukichapwa kwenye karatasi ya gramu 70 huwa na takriban gramu 226 pamoja na bahasha, na ukichapwa pande zote mbili za karatasi ya gramu 80 hushuka hadi 136.

Uzito haukuwa kipimo kikuu cha ada siku zote: Uingereza, kabla ya mageuzi ya mwaka 1840 yaliyopiganiwa na Rowland Hill, ilitoza barua kwa umbali na idadi ya karatasi, na bahasha ikihesabiwa kuwa karatasi nyingine, jambo lililowafanya watu wakunje barua yenyewe na kuandika anwani mgongoni.

Tahadhari moja ni ya lazima kwa wakazi wa pwani. Gramu za karatasi hupimwa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, na kwa kuwa karatasi hunyonya maji, bunda lililokaa wazi Mombasa au Tanga huzidi hesabu kidogo. Aliyebakiwa na gramu 2 tu kabla ya mpaka aondoe karatasi moja au akubali kulipia ngazi inayofuata.