Ushindi wa Siri: Jeni na Utashi katika Filamu ya Gattaca
Uhakiki huu unachunguza nafasi ya utashi mbele ya urithi wa jeni katika Gattaca (1997), filamu ya bunilizi ya kisayansi iliyoongozwa na Andrew Niccol. Vincent, aliyezaliwa bila jeni zake kuteuliwa maabarani, anasawiriwa kama mtu anayeyashinda maumbile yake. Hata hivyo, anaajiriwa kwa damu na mkojo wa Jerome. Na kipimo cha mwisho kinapomfichua, anaokolewa na daktari Lamar, ambaye mwanawe naye hakufikia ukamilifu ulioahidiwa. Jerome anajiteketeza, na ubaguzi, uliopigwa marufuku kisheria lakini unaotendwa kila siku, unabaki palepale. Hivyo, ushindi wa Vincent unategemea siri na huruma kuliko utashi: filamu inamwokoa mtu mmoja na kuuacha salama mfumo uliomhukumu.